Yupo, Yuko, Yumo

Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, Tudor:
feni moja, madirisha mawili, moja halifunguki.
Kazi yangu picha. Natazama, naandika,
shilingi saba kwa kila picha, na Profesa Mwanakombo
hulipa Ijumaa kabla ya adhana
kama anayelipa deni la maiti.

Picha ya hamri. Mashine yasema: *mkate wenye pembe tatu.*
Nafuta. Naandika: hamri.
Picha ya mbuzi wa kukunia nazi.
Mashine: *kigoda kibovu, kina ulimi wa chuma.*
Nikaandika: mbuzi.
Siku mbili nzima ikawa yatafuta mkia.
Profesa alicheka hata akavua miwani.
"Hilo la ulimi usilifute," akasema.
"Haijakosea. Imeona ilichokiona."

Lakini si hamri wala mbuzi wanaomnyima usingizi.
Ni vipande vitatu vidogo: po, ko, mo.
Amevitia ubaoni kwa wino mwekundu, wiki ya sita sasa,
na mfagiaji ameonywa asiguse:
kikombe kipo,
kikombe kiko,
kikombe kimo.

Kamera yaona kikombe. Basi.
Kama kimo kabatini na mlango umerudishwa,
itasema nini? Itasema kabati.

"Wenzetu wa ng'ambo wana neno moja tu, wamepumzika.
Sisi wazee walitugawia matatu
wakaenda zao bila kuacha maelezo."
Asema hivyo, kisha afungua daftari
atusomee alichokisikia Makadara:
mtoto, miaka mitatu haijatimia,
ameinama juu ya mtaro akilia, *Umo! Mpira umo!*
na mpira hauonekani,
maji meusi tu na ganda la embe.
Mtoto aliuona ukiingia.
"Kumbe mo haionwi," Profesa akasema polepole,
"mo hukumbukwa,"
na akasimama pale, kalamu mkononi,
mpaka stima ikapotea
na sote tukabaki kwenye joto, kila mtu na jasho lake.

Wiki ile alitutaka tulete picha za nyumbani.
Nikapiga yetu, Kuze, chakula cha usiku:
mkeka, mama, mdogo wangu Rehema.
Mimi nilikuwapo, lakini simo,
nimeshika simu.
Mashine: *Mkeka. Sahani nne. Watu wawili.*
Profesa, kwa kuijaribu, akauliza jina nililompa:
Twalib yupo?
*Hayupo.*
Sahihi. Jedwali likapanda nukta mbili,
vijana wa meza ya nyuma wakapiga makofi.

Twalib ni kakangu. Alikwenda Doha kulinda geti la watu.
Mara ya mwisho kupiga simu ilikuwa Shaaban,
na Shaaban nyingine imepita.

Usiku nikamsimulia mama habari ya mashine,
kwa mzaha, nione atasemaje.
Alikuwa akipakua. Hakuinua uso.
"Kaiulize vyema, mwanangu. Twalib yuko."
Wapi, hakusema.
Ko haikudai aseme.

Asubuhi niliirudia picha ile.
Sahani ya nne imefunikwa kawa,
na kawa, mashine ilikuwa imeiita *kofia*.
Nikafuta, nikaandika: kawa.
Chini yake nikaandika: *Twalib yuko.*
Profesa akaja nyuma yangu, akasoma, akakaa kimya.
"Ushahidi u wapi pichani?"
Nikamwonyesha kawa.
"Na chini yake?"
"Wali umo."
"Uliuona?"
"Sikuuona. Mama hafuniki sahani tupu."

Akavua miwani, safari hii bila kucheka,
akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.
Hakunambia niache, hakunambia nifute.
Picha iliyofuata ilikuwa ya punda wa maji,
madumu sita mgongoni,
na mashine ilikuwa imehesabu matano.